Cheti cha Chanjo Unacho, Lakini Mbwa Amepimwa? Maswali ya Wafugaji wa Alief

Kwa wengi wetu tuliokulia Bukavu, Kigoma, Morogoro au Mombasa, bwana mifugo alikuwa mtu wa ng'ombe na mbuzi. Mbwa alikutana naye siku ya kampeni tu. Tangazo limepita kwa kipaza sauti, watoto wamewakokota mbwa kwa kamba za katani hadi uwanja wa shule, kila mbwa kachomwa sindano ya kichaa, mwenye mbwa kapewa cheti, basi. Paka hata hakuhesabiwa. Kazi ile si ya kubezwa: kisiwani Pemba, chanjo za namna hiyo zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka ndizo zilizoung'oa ugonjwa huo.

Hapa Alief, kusini magharibi mwa Houston, wazungumzaji wa Kiswahili wamezidi kuongezeka. Wapo Wakongo waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, wapo Wakenya na Watanzania waliofuata masomo na kazi. Watoto wao wanataka mbwa alale sebuleni, wazee wanakubali shingo upande, na mazoea ya sindano moja yamekuja nasi. Mtu anampeleka mbwa kwenye chanjo ya bei nafuu inayotolewa dukani mwishoni mwa wiki, anarudi na karatasi, anaiweka kwenye droo, roho imetulia. Tatizo ni kwamba mmoja wa magonjwa yanayowaandama sana mbwa wa Houston hauna chanjo kabisa. Unagunduliwa kwa kipimo cha damu, na kipimo hicho hakifanyiki mpaka mtu akubali kwenda kliniki na mbwa ambaye kwa macho hana tatizo lolote.

Mbwa wangu anakula, anacheza, hana kikohozi. Nimpeleke kwa daktari kufanya nini?

Kumpeleka akiwa mzima ndiyo maana yenyewe ya uchunguzi wa kila mwaka. Mnyama huficha maumivu. Mbwa mwenye jino lililooza ataendelea kula, ila atatafunia upande mmoja, na nyumbani hakuna anayemwangalia mbwa anavyotafuna. Paka ndiye bingwa wa kuficha. Figo zake zinaweza kuharibika taratibu kwa miaka, na kipimo cha damu kilichozoeleka, cha kreatinini, hakipandi vizuri mpaka takriban robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Dalili unayoweza kuiona mwenyewe, yaani kunywa maji mengi na kukojoa sana, watu wengi huipokea kama habari njema: paka wetu siku hizi anakunywa maji.

Halafu kuna suala la umri. Mbwa mkubwa wa kilo 40 ni mzee akifika miaka saba au minane. Mwaka mmoja kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Ndiyo maana mbwa na paka wazima wa umri wa kati wanashauriwa kuonwa angalau mara moja kwa mwaka, na wazee mara mbili.

Uchunguzi wenyewe hauna mashine kubwa. Mbwa anapimwa uzito. Daktari anainua mdomo, anabonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha anaachia na kuhesabu: rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki sawasawa. Anaangalia meno, masikio na macho, anapapasa tezi chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, anabonyeza tumbo, anasikiliza moyo na mapafu. Anakunja viungo vya miguu ya nyuma. Anafukua manyoya karibu na mkia kutafuta vitu vyeusi kama punje za pilipili manga, ambavyo ni kinyesi cha viroboto. Mikono ya daktari inafanya haya yote kwa dakika 15 au 20, na uzito ulioandikwa mwaka jana, ukilinganishwa na wa leo, unamwambia mambo ambayo wewe unayemwona mbwa kila siku huwezi kuyaona.

Minyoo ya moyo ni kitu gani, na mbona kila kliniki ya Houston inaitaja?

Hili ndilo jibu refu kuliko yote, kwa sababu ndilo wageni wengi hawakuwahi kulisikia nyumbani.

Ni minyoo wembamba, na wakikomaa wanaweza kufikia urefu wa sentimita 30. Hawakai tumboni. Makazi yao ni mishipa mikubwa ya mapafu, na wakizidi wanajaa hadi upande wa kulia wa moyo. Anayewasambaza ni mbu. Anamuuma mbwa mgonjwa, au koyoti, mnyama pori wa jamii ya mbwa ambaye Texas hata mijini yupo, na pamoja na damu anafyonza vilui, yaani watoto wa minyoo wasioonekana kwa macho. Joto likiwa la kutosha, vilui hivyo vinakomaa ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, vimeshaingia. Baada ya miezi kama sita vimekuwa minyoo wazima wanaozaa, na wanaweza kuishi ndani ya mbwa miaka mitano hadi saba.

Mtu aliyetoka Kigoma au Kilifi hahitaji kuelezwa mbu ni nini, ila hapa anaweza kudanganyika kwa sababu haumwi malaria na halali kwenye chandarua. Mbu wapo. Alief ya zamani, kabla ya barabara na maduka ya Bellaire Boulevard, ilikuwa mashamba, mpunga ukiwemo, na mpunga haulimwi kwenye ardhi inayokauka haraka. Mfereji wa Brays Bayou unapita humu humu. Mvua ikinyesha, maji yanatuama kwenye ndoo, kwenye matairi, kwenye sahani za chini ya vyungu vya maua. Baridi ya Houston ni fupi na yenye mapengo. Januari inaweza kutoa siku kadhaa za joto na mbu wakarudi. Kwa hiyo American Heartworm Society, chama cha kitaalamu kinachoshughulikia ugonjwa huu tu, kinashauri dawa ya kinga itolewe miezi yote 12, na kipimo kifanywe kila mwaka.

Dalili zinachelewa. Mwanzoni hakuna kitu. Baadaye kinakuja kikohozi kikavu, mbwa anachoka kupanda ngazi alizokuwa akizikimbia, anakonda, na mwishoni tumbo linajaa maji. Anayengoja kikohozi amengoja minyoo wakomae, wazae, na waanze kuharibu mishipa.

Kipimo ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Damu kidogo inatolewa mguuni au shingoni. Matone machache yanachanganywa na kimiminika maalumu na kumwagwa kwenye kifaa cha plastiki kinachofanana sana na kipimo cha mimba cha dukani. Unakaa kwenye benchi dakika kumi hivi. Doa la pembeni likitokea, mbwa ana minyoo.

Hapa ndipo linapokuja swali la pili: kama nampa dawa kila mwezi, mbona bado wanataka kumpima? Kwanza, dawa ile haizuii mbu kuuma. Inaua vilui vilivyoingia wiki chache zilizopita, na minyoo waliokwisha kukomaa haiwagusi. Ukisahau dozi mbili kwa sababu mshahara ulichelewa, au mbwa akakitapika kidonge nyuma ya kochi bila wewe kujua, mlango umefunguka na huna habari. Pili, mbwa ambaye damu yake imejaa vilui akipewa dawa ya kinga bila kupimwa anaweza kupata mshtuko wa mwili. Hii ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kliniki inayokataa kukuuzia bila kipimo haikutafutii pesa tu. Kwa hili mimi niko upande wao.

Akikutwa nao, matibabu yapo, na ni mazito. Kwa kawaida anaanza na mwezi wa antibiotiki aina ya doksisaiklini. Kisha inakuja melasomini, dawa yenye aseniki, inayochomwa ndani kabisa ya misuli ya kiunoni: sindano moja, mapumziko ya mwezi, halafu sindano mbili kwa siku mbili zinazofuatana. Ugumu hasa hauko kwenye sindano. Minyoo wakifa wanakatika vipande, vipande vinakwenda kuziba mishipa ya mapafu, na mbwa akikimbia katika kipindi hicho anaweza kufa ghafla. Kwa hiyo anatakiwa atulie miezi kadhaa, atoke kwa kamba fupi kwenda haja na kurudi. Jaribu kulifanya hilo kwenye apatimenti ya ghorofa ya tatu yenye watoto wanne. Bili nayo ni mamia ya dola, na mara nyingi inapita elfu moja, ilhali kidonge cha mwezi kwa mbwa wa wastani ni bei ya chakula cha mchana cha mtu mmoja au wawili.

Sisi tunafuga paka, na hatoki nje. Na yeye?

Naye. Watu wa pwani tunapenda paka, na tunaamini paka hujilea. Lakini mbu anaingia ndani, na paka wa ndani wanapata minyoo ya moyo. Kwao ni vibaya zaidi kwa namna moja: hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuua minyoo wazima ndani ya paka. Mnyoo mmoja au wawili wanatosha kumletea shida ya kupumua ambayo watu huidhania pumu. Kinga ya kila mwezi ipo, nyingine ni ya kudondoshea shingoni.

Sheria ya chanjo ya kichaa cha mbwa nayo inamhusu paka sawa na mbwa, jina la ugonjwa lisikupotoshe. Popo, ambaye anaweza kubeba virusi vyake, akiingia ndani, wa kwanza kumrukia ni paka.

Kumfikisha kliniki ndiyo kazi. Toa kile kikapu cha kumbebea wiki nzima kabla, kiweke sebuleni mlango wazi, tandika kitambaa chake, tupia chakula humo. Ukikitoa asubuhi ya safari, utamkuta chini ya kitanda na miadi itapita.

Sheria inanitaka nini hasa?

Sheria ya jimbo la Texas inataka kila mbwa na paka awe amechanjwa kichaa cha mbwa afikapo wiki 16 za umri. Sindano ya pili inachomwa ndani ya miezi 12, na baada ya hapo ni kila mwaka au kila miaka mitatu kutegemea aina ya chanjo. Lazima ichomwe na daktari wa mifugo mwenye leseni au chini ya usimamizi wake wa moja kwa moja. Chanjo nyingine utaziona zinauzwa kwenye maduka ya wakulima, na wapo wanaojichomea wenyewe. Kwa kichaa cha mbwa, sindano uliyomchoma jikoni kwako haihesabiki mbele ya sheria.

Sehemu kubwa ya Alief iko ndani ya mipaka ya jiji, na tangu Februari 2023 jiji la Houston linataka mbwa na paka wawekewe chipu, ile punje ndogo inayochomwa chini ya ngozi kati ya mabega. Chipu haionyeshi mnyama yuko wapi, ina namba tu. Namba hiyo inasomeka kwa kifaa, inaelekeza kwenye simu yako, na ukibadilisha simu bila kuwaarifu wenye daftari la namba hizo, chipu haina faida. Wanaohamahama apatimenti kila mwaka, hili ni lenu.

Lipo jambo jingine ambalo huwashtua wageni. Kule kwetu mbwa wa ulinzi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Kuanzia tarehe 18 Januari 2022, Texas imepiga marufuku kumfunga mbwa nje kwa mnyororo bila mtu kuwa naye. Lazima awe pia na kivuli, maji safi na mahali pa kujikinga na jua na mvua. Katika Agosti ya Houston hilo ni suala la uhai.

Marekani kuna kichaa cha mbwa kweli? Si ugonjwa wa kwetu?

Kile kinachosambazwa na mbwa kwa mbwa kilitangazwa kuwa kimekwisha Marekani mwaka 2007. Virusi vyenyewe havijaondoka. Texas vinaishi ndani ya popo na ndani ya vicheche wale wa rangi nyeusi na nyeupe. Chini ya daraja la Waugh Drive, karibu na katikati ya Houston, wanaishi popo wapatao 250,000, na watu huenda jioni kuwatazama wakiruka. Ni tamasha zuri, na wengi wa popo wale ni wazima. Lakini popo aliyeanguka chini asubuhi na hawezi kuruka si wa kuokotwa na mtoto wala wa kuchezewa na mbwa. Meno yake ni madogo kiasi kwamba alama ya kung'atwa inaweza isionekane.

Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na Afrika Mashariki imo kwenye hesabu hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Anayetoka kwetu anaijua hofu hii kuliko jirani yake Mmarekani, na hofu hiyo ni mali. Itumie kukumbuka tarehe ya chanjo.

Mbwa wangu amemng'ata mtoto wa jirani. Nifanye nini?

Oshweni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila kupaka vumbi la kahawa wala dawa ya meno, kisha mtoto aende hospitali siku hiyo hiyo. Toa cheti cha chanjo cha mbwa wako.

Kisha piga 311, namba ya huduma za jiji, utaelekezwa kwa BARC, kitengo cha wanyama cha Houston. Mbwa atawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, saa 240 kamili. Sababu yake ni ya kitabibu: virusi huonekana kwenye mate siku chache tu kabla ya mbwa kuugua, hivyo mbwa aliye mzima siku ya kumi hakuwa anaambukiza siku aliyong'ata. Mbwa mwenye chanjo hai ana nafasi ya kuruhusiwa kukaa siku hizo nyumbani. Asiye na chanjo, tegemea siku hizo ziwe kituoni au kliniki, kwa gharama yako.

Watu humficha mbwa kwa kuogopa faini, au humhamishia kwa shemeji Dallas. Ukifanya hivyo, mtoto wa jirani atalazimika kumaliza mfululizo wa sindano ambazo pengine hakuzihitaji.

Cheti kinafanya kazi pia mambo yakigeuka, mbwa wako akiwa ndiye aliyeng'atwa na mnyama mwenye kichaa. Aliyechanjwa huchanjwa tena mara moja na kutengwa siku 45. Asiyechanjwa, sheria inaelekeza auawe, au atengwe siku 90 huku akichanjwa mara tatu.

Tumenunua mtoto wa mbwa kwa mtu aliyekuwa akiuza barabarani. Aanze lini?

Wiki hii hii. Na kabla hajamaliza chanjo, asitembezwe kwenye nyasi za apatimenti ambako mbwa wote wanajisaidia. Kirusi cha parvo kinaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi, hata mwaka. Kinamharisha mtoto wa mbwa damu na kinaweza kumuua ndani ya siku chache. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka apite wiki 16. Dozi moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama inaweza kuizima chanjo, na hakuna ajuaye kinga hiyo inaisha siku gani. Muuzaji akikwambia kashachanjwa zote akiwa na wiki saba, ama hajui au anakudanganya.

Muulize daktari pia kuhusu leptospira, bakteria wa mkojo wa panya anayeishi kwenye maji yaliyotuama. Baada ya mafuriko kama yale ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, hakuna aliyebaki akiuliza Houston ina maji ya kutuama kiasi gani. Ugonjwa huu unashambulia figo na ini, na mbwa anaweza kumwambukiza mtu. Chanjo yake ni dozi mbili mwanzoni, kisha kila mwaka.

Na muulize kuhusu kuhasi. Jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata usaha kwenye mji wa mimba, hali inayotaka upasuaji wa dharura usiku wa manane, ambao ni ghali mara nyingi kuliko ule wa kupangwa.

Pesa hiyo itoke wapi?

Swali la haki. Kumwona daktari katika kliniki ya kawaida mara nyingi ni dola 50 hadi 100, kabla hujafika kwenye vipimo na chanjo. Kwa familia inayotuma pesa Uvira na kulipa kodi ya nyumba Alief, hizo ni nyingi.

Zipo njia. Houston Humane Society, iliyoko Almeda Road, ina kliniki ya bei nafuu iliyo wazi kwa umma. Shirika la Emancipet nalo linatoa huduma za bei ya chini Houston. BARC, kwenye mtaa wa Carr, imekuwa na siku za chanjo, chipu na upasuaji wa kuhasi kwa punguzo au bure kwa wakazi wa jiji. Uliza 311 zipo lini, kwa sababu nafasi hujaa. Hakuna kati ya hizi iliyo pua na mdomo na Alief, kwa hiyo panga usafiri, ikiwezekana na jirani mwenye gari na paka.

Zile chanjo za dukani mwisho wa wiki zisidharauliwe. Zinatimiza sheria, na nyingine zinapima minyoo ya moyo. Ila mara nyingi foleni ni ndefu, sindano inachomwa, anayefuata. Meno hayakaguliwi vya kutosha, tumbo halipapaswi. Ukitaka ushauri wangu kwa mwenye kipato kidogo: chanjo chukua huko, na pesa iliyookolewa uilipe uchunguzi mmoja kamili kwa mwaka, wenye kipimo cha damu na cha kinyesi.

Bima ya mnyama ipo, nayo hailipi ugonjwa uliogunduliwa kabla ya kujiunga. Ni ya kuanza mbwa akiwa mdogo au kutoanza kabisa.

Nina panadol nyumbani. Siwezi kumpa nusu?

Usithubutu. Kwa paka, kidonge kimoja cha panadol, ambayo hapa inaitwa Tylenol, kinatosha kuua. Ini lake haliwezi kuichambua dawa hiyo; damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka wa kahawia, uso unavimba. Ibuprofeni nayo ni sumu kwa wote wawili. Kosa jingine linalorudiwa ni kuchukua dawa ya viroboto ya mbwa na kumpaka paka kwa kukisia kipimo. Nyingi zina permetrini, ambayo mbwa huimudu na paka hupata degedege. Soma pakiti: kama kuna picha ya paka iliyokatwa kwa mstari, haikuwekwa kwa mapambo.

Naweza kumleta mbwa wetu aliyebaki Nairobi?

Unaweza, kwa subira. Kanuni mpya za Marekani zilianza tarehe 1 Agosti 2024, na Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa lazima awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu, na chipu iwe imewekwa kabla ya chanjo, maana chanjo iliyotangulia chipu haikubaliwi. Kuna fomu za kujaza, kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kinga, na mbwa aliyechanjwa nje ya Marekani anaruhusiwa kushuka kwenye viwanja vichache tu vya ndege, penye kituo maalumu cha kumpokea. Usikate tiketi kabla ya kusoma masharti ya siku hiyo kwenye tovuti ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Nikifika kliniki niseme nini?

Andika nyumbani, kwa utulivu, na mwanao mkubwa akusaidie: umri wa mnyama, anakula nini hasa (ugali na mabaki ya samaki ni jibu halali, sema kweli), anakunywa kiasi gani, dawa zote alizopewa zikiwemo za watu, na kitu chochote kilichobadilika tangu mwaka jana. Kama anakohoa au anachechemea, mrekodi kwa simu, kwa sababu mbele ya daktari ataacha. Beba vyeti vyote vya zamani, hata vile vya Kifaransa kutoka Goma. Ukiambiwa gharama, una haki ya kuomba makadirio kwa maandishi kabla hawajaanza, na kuuliza kipi kinaweza kungoja mwezi ujao; madaktari wamezoea swali hilo na hawalichukulii vibaya.

Na beba kinyesi chake cha asubuhi ile, kiasi cha kijiko, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Watakipima minyoo ya tumbo, ambao baadhi yao huwaingia watoto wanaocheza pekupeku. Wapokezi wanaletewa mifuko hiyo kila siku, usione haya kuwapa.